Shampeni Inaisha: Jinsi Alfred Hitchcock Alivyotengeneza Taharuki

Katika filamu ya Notorious ya mwaka 1946 kuna sherehe moja ambayo, lau ningeambiwa nimfundishe mtu habari za mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock kwa dakika kumi tu, ndiyo ningemwonyesha. Nyumba ni ya Alex Sebastian, tajiri anayeishi Rio de Janeiro na kushirikiana na Wanazi waliokimbilia huko. Mkewe Alicia, anayeigizwa na Ingrid Bergman, ni mpelelezi wa Marekani, na ndoa yenyewe aliingia kwa ajili ya kazi hiyo. Usiku wa sherehe ameuchomoa ufunguo wa chumba cha mvinyo kutoka kwenye funguo za mumewe. Anamsubiri Devlin, mpelelezi mwenzake, washuke wote wakaone kilichofichwa humo.

Hadi hapo ni hadithi ya ujasusi kama nyingine. Kisha Hitchcock anaongeza jambo dogo sana: shampeni. Chupa zimepangwa kwenye barafu, wageni wanakunywa. Zikiisha, mtumishi atamfuata Sebastian amwombe ufunguo akalete nyingine, na Sebastian akiutafuta hataukuta. Tangu tunapolijua hilo, kila mgeni anayenyoosha glasi anatukera. Kamera inarudi kwenye barafu: chupa zimepungua. Inarudi tena: zimebaki za kuhesabu. Hakuna aliyeshika bastola, muziki ni wa dansi, watu wanacheka. Na Hitchcock mwenyewe, ambaye alikuwa na mazoea ya kujitokeza kwa sekunde chache katika filamu zake, anapita pale mezani, anaimimina glasi yake kooni kwa mkupuo mmoja, anaondoka zake. Aliyetutia hofu kwamba shampeni itaisha ndiye huyo anayesaidia kuimaliza!

Jina lake limezoeleka kutajwa pamoja na kutisha, na hapo ndipo mambo huanza kuchanganyika. Kati ya mwaka 1925 na 1976 aliongoza filamu zaidi ya 50, lakini zinazotisha kwa maana ya damu na mayowe hazizidi vidole vya mkono mmoja. Zilizobaki ni za majasusi, za wezi wa vito, za ndoa zilizooza, za mtu asiye na kosa anayesakwa na polisi. Kinachoziunganisha ni jinsi anavyogawa habari: nani anajua nini, na analijua lini. Ukilishika hilo, filamu zake nyingi zinafunguka.

Yeye mwenyewe alilieleza mwaka 1962, alipokaa karibu wiki nzima na mwongozaji kijana wa Kifaransa, François Truffaut, wakizungumza kwa msaada wa mkalimani. Mazungumzo hayo yakatoka kitabu mwaka 1966. Tuseme watu wawili wanazungumza mezani, alisema, na chini ya meza kuna bomu. Watazamaji hawana habari. Bomu linalipuka. Umewashtua kwa sekunde 15. Sasa rudia, ila safari hii waonyeshe bomu kwanza, waonyeshe na saa ukutani, wajue kwamba litalipuka saa saba kamili. Soga ile ile ya kipuuzi mezani inageuka kuwa jambo la kufa na kupona, na umewaweka roho juu kwa dakika 15. Kile cha kwanza ni mshtuko. Hiki cha pili ndicho taharuki.

Mfano huo umerudiwa mno, hata umelifanya jambo lionekane jepesi kuliko lilivyo. Kujua peke yake hakutoshi. Kule Rio tunajua habari za ufunguo, sawa, lakini pia kuna kipimo cha muda kinachoonekana kwa macho, yaani zile chupa. Kuna mtu tunayemhurumia. Na kuna jambo la nne ambalo waigaji wake wengi hulisahau: yule adui naye ana moyo. Sebastian anampenda Alicia kwa dhati, ilhali Devlin, ambaye tunatakiwa kumshangilia, anamtendea kwa ubaridi na kejeli. Kwa hiyo hofu yetu haina upande mmoja. Tunataka Alicia asikamatwe, na wakati huo huo tunaona aibu kidogo kwa anachotendewa mumewe.

Katika chupa za chumba kile cha mvinyo, kwa taarifa yako, mna madini ya urani. Hitchcock hakujali. Mtayarishaji mmoja alipoona wazo hilo ni la ajabu, alimjibu kwamba kama hapendi urani basi ziwe almasi. Kitu cha namna hiyo, kinachowakimbiza wahusika huku na huko lakini hakimshughulishi mtazamaji, alikiita MacGuffin, na kadiri miaka ilivyopita alizidi kukipunguza. Katika North by Northwest ya 1959, watu wanauana na kukimbizana kutoka New York hadi mlima Rushmore kwa sababu ya kitu ambacho shujaa anaambiwa tu kwamba ni siri za serikali. Hakuna zaidi, na hakuna anayelalamika.

Kanuni ya bomu ina mtego wake, na Hitchcock aliunasa mguu wake mapema. Katika Sabotage ya mwaka 1936, mvulana anayeitwa Stevie anatumwa na shemeji yake apeleke kifurushi upande wa pili wa London. Hajui kwamba amebeba bomu. Sisi tunajua, na tunajua saa litakapolipuka. Njiani anacheleweshwa na mchuuzi, anacheleweshwa na msafara wa meya, hatimaye anapanda basi na kuanza kucheza na kijibwa cha abiria wa jirani. Muda unafika. Bomu linalipuka, Stevie anakufa pamoja na wote waliomo. Watazamaji walikasirika, na Hitchcock alimwambia Truffaut kwamba lilikuwa kosa kubwa: ukishamweka mtu roho juu namna hiyo, sharti umtue salama.

Mimi sikubaliani naye. Tukio linalofuata, ambapo dada yake Stevie anakaa mezani na mumewe aliyesababisha yote, na mkono wake unakwenda na kurudi kwenye kisu cha kukatia nyama, ni miongoni mwa mambo bora aliyowahi kupiga, na lisingekuwa na uzito wowote kama kijana angenusurika. Bila ya basi lile hakuna kisu kile. Lakini yeye alikuwa mtu wa kuangalia mauzo ya tiketi, na tangu hapo alikuwa mwangalifu zaidi na imani ya watazamaji wake. Alipoivunja tena, mwaka 1960 katika Psycho, alifanya makusudi.

Aliyapata wapi haya? Alizaliwa Agosti 13, 1899, huko Leytonstone, ukingoni mwa London, mtoto wa mfanyabiashara wa mboga na kuku, katika familia ya Kikatoliki. Alisoma kwa mapadri Wajesuiti. Alipenda kusimulia kwamba akiwa mdogo sana baba yake alimtuma kituo cha polisi na barua, na polisi baada ya kuisoma akamfungia mahabusu dakika chache, akimwambia kwamba hivyo ndivyo wafanyiwavyo watoto watukutu. Aliisimulia mara nyingi na kwa ufundi mwingi, na ndiyo maana siibebi kwa mikono miwili. Kilicho muhimu zaidi ni kazi yake ya kwanza ya filamu. Aliingia studio ya Islington kama mchoraji wa vibao vya maandishi, vile vilivyokuwa vikikatiza filamu bubu kumweleza mtazamaji nani kasema nini. Kazi yenyewe ilikuwa ni kuamua mtazamaji aambiwe nini na lini.

Mwaka 1924 alipelekwa kufanya kazi Ujerumani, na huko katika studio za Babelsberg akamwona mwongozaji F. W. Murnau akitengeneza The Last Laugh, filamu iliyokaribia kuviacha kabisa vibao vya maandishi na kuiachia kamera isimulie yote. Somo hilo halikumtoka. Katika The Lodger, iliyotoka 1927, alitaka wenye nyumba walioko chini wahisi mpangaji anayetembea chumba cha juu. Filamu haina sauti, sasa utasikiaje hatua? Akajenga sakafu ya kioo kinene, akaipiga picha kutoka chini: wanatazama dari, taa inatikisika, na nyayo zinapita juu yake. Miaka miwili baadaye sauti ilipoingia, aliishika kwa namna hiyo hiyo. Katika Blackmail msichana aliyemuua mtu kwa kisu usiku uliopita ameketi kwenye kifungua kinywa, na jirani mmoja mmbeya anabwabwaja kuhusu mauaji hayo. Maneno yake yanafifia yakawa mvumo tu, isipokuwa neno moja linalotoka wazi kila mara: kisu, kisu, kisu. Tunasikia anachosikia msichana, si kinachosemwa mezani.

Na hii ndiyo nguzo nyingine ya ufundi wake, macho na masikio ya nani tumeazimwa. Rear Window ya mwaka 1954 imejengwa juu ya hilo tu. Mpiga picha aliyevunjika mguu, anayeigizwa na James Stewart, amekaa dirishani kwake New York akiwachungulia majirani wa ng'ambo ya ua, na pole pole anaamini kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Kampuni ya Paramount iliujenga ua mzima ndani ya studio, vyumba 31. Utaratibu ni ule ule kila mara: tunamwona Stewart akitazama, tunaona anachokitazama, tunamwona tena akiwa amebadilika uso. Badilisha kile cha katikati, alisema Hitchcock, weka kijibwa kinachoshushwa kwa kikapu au weka msichana aliye nusu uchi akifanya mazoezi, na tabasamu lile lile la Stewart litakuwa la mzee mwema au la mzee mchafu. Maana inazaliwa kwenye mshono wa picha mbili, si usoni mwa mwigizaji. Ndiyo maana mchumba wake, anayeigizwa na Grace Kelly, anapoingia kwa hiari yake kupekua nyumba ya mshukiwa, na mshukiwa anarudi, Stewart hana la kufanya. Yuko mbali, mguu umo kwenye plasta, anaona kila kitu. Hali yake ni yetu sisi tuliokaa kwenye viti vya sinema. Ni mateso yale yale yanayowafanya watu kwenye vibanda vya video wapige kelele, "Geuka! Yuko nyuma yako!"

Jambo linaloshangaza ni jinsi huruma hiyo inavyoweza kuhamishwa. Katika Strangers on a Train ya 1951, muuaji amedondosha kiberiti cha gesi kwenye mfereji wa maji machafu, kiberiti anachokihitaji ili kumsingizia mtu asiye na hatia. Ananyoosha vidole kupitia nondo, vinakaribia, kinateleza chini zaidi. Kwa sekunde kadhaa unajikuta unataka akipate. Hitchcock aliigundua siri hii: tukimwona mtu akihangaika na kazi ngumu kwa makini, tunamtakia amalize, hata kama kazi yenyewe ni uovu.

Anayetaka kuitazama Vertigo bila kujua lolote aruke aya hii na inayofuata. Ni hadithi ya Scottie, mpelelezi mstaafu wa San Francisco anayeogopa vimo virefu, aliyepewa kazi ya kumfuatilia Madeleine, mke wa rafiki yake. Anampenda; mwanamke anaanguka kutoka mnarani; Scottie anachanganyikiwa. Baadaye anakutana barabarani na Judy, msichana wa kawaida anayefanana mno na marehemu, akaanza kumshurutisha avae kama yule na apake nywele rangi ya yule. Riwaya ya Kifaransa iliyozaa filamu hii ilificha hadi mwisho kwamba wanawake hao wawili ni mtu mmoja, na kwamba Scottie alitegwa ili ashuhudie kifo cha uongo. Hitchcock aliifichua siri karibu nusu saa kabla ya filamu kwisha: Judy anaandika barua ya kukiri, kisha anaichana.

Waliomzunguka walimpinga. Nani anatupa kadi yake ya ushindi mapema hivyo? Lakini fikiri anachokipata. Bila ya barua, sisi na Scottie tungekuwa wapumbavu pamoja, tukisubiri jibu la fumbo. Kwa barua ile, tunaanza kuona mambo mawili kwa wakati mmoja: mwanamume anayemuumba upya maiti, na mwanamke anayejua kwamba kila nywele anayopaka rangi inamsogeza kwenye kukamatwa, na bado anakubali kwa sababu anampenda. Anapotoka bafuni akiwa Madeleine kamili, Scottie anaona muujiza, sisi tunaona msiba. Ilipotoka mwaka 1958 ilipokewa kwa ubaridi. Mwaka 2012 wahakiki waliopigiwa kura na jarida la Sight and Sound waliipandisha kuwa filamu bora kuliko zote, wakaiondoa Citizen Kane iliyokuwa imekalia nafasi hiyo tangu 1962. Mwaka 2022 ikashuka hadi ya pili.

Kisha ikaja Psycho. Wakubwa wa Paramount hawakuitaka, kwa hiyo akaigharamia mwenyewe kwa takriban dola 800,000, kwa picha nyeusi na nyeupe, akitumia zaidi mafundi wa kipindi chake cha televisheni. Alikubali kuacha ujira wake wa kawaida ili amiliki sehemu kubwa ya filamu, na hilo lilimtajirisha vibaya mno. Kwetu tuna msemo wa watazamaji wa kale: stelingi hafi. Watazamaji wa Marekani nao waliamini hivyo bila kuusema. Janet Leigh alikuwa nyota, jina kubwa, na hadithi ilikuwa yake: ameiba dola 40,000 kazini na anakimbia. Kabla filamu haijafika nusu, anachomwa visu akioga. Tukio hilo la chini ya dakika moja lilichukua siku saba kupigwa. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, na fidla za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann zinazopiga mayowe karibu zisiwemo kabisa, maana Hitchcock alitaka kwanza pasiwe na muziki.

Wengi wanaikumbuka kama ushindi wa mshtuko, na wanadhani alikuwa ameiacha kanuni yake. Tazama kinachofuata. Norman Bates, kijana mwenye moteli alikouawa mwanamke huyo, anafuta damu taratibu, anaitia maiti na gari kwenye kinamasi. Gari linazama, kisha linakwama nusu. Norman anaacha kutafuna, na sisi tunashusha pumzi linapozama tena. Dakika chache zilizopita tulikuwa na Janet Leigh. Sasa tuko na anayeficha maiti yake. Baadaye mpelelezi anapopanda ngazi za nyumba ya Norman, hakuna haja ya damu, maana tunajua kuna nini juu. Mshtuko mmoja ulilipia taharuki ya saa nzima. Hata milango ya sinema aliitia katika hesabu: aliagiza kwamba mtu asiruhusiwe kuingia baada ya filamu kuanza, kwa sababu aliyechelewa angekaa akimsubiri nyota ambaye ameshakufa.

Si kwamba alifanya haya peke yake, ingawa alipenda ionekane hivyo. Mkewe Alma Reville, aliyezaliwa siku moja tu baada yake na waliyeoana mwaka 1926, alikuwa mhariri wa filamu kabla Hitchcock hajaongoza yoyote, na neno lake lilikuwa la mwisho juu ya muswada na uhariri. Hitchcock alipotuzwa na taasisi ya filamu ya Marekani mwaka 1979, aliwashukuru watu wanne: mhariri, mwandishi, mama wa binti yake, na mpishi hodari. Wote wanne walikuwa Alma. Herrmann naye, na mpiga kamera Robert Burks, na mhariri George Tomasini, walibeba mzigo wa miaka ile bora. Burks na Tomasini walifariki miaka ya 1960, Herrmann waligombana naye wakati wa Torn Curtain, na filamu zilizofuata zinaonyesha pengo.

Kupenda kushika kila kitu kulikuwa pia na upande mbaya. Tippi Hedren, mwigizaji wa The Birds na Marnie, aliambiwa kwamba ndege wa tukio la darini watakuwa wa bandia. Alipofika alirushiwa ndege hai kwa siku kadhaa hadi akazimia kwa uchovu. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2016 alimtuhumu Hitchcock kwamba alimnyanyasa kingono, na kwamba alipomkataa aliifungia kazi yake kwa mkataba. Wapo waigizaji waliosema wao hawakuona hayo kwake. Lakini huwezi kuitazama Vertigo, mwanamume akimchagulia mwanamke nguo, nywele na viatu, ukayaweka mambo hayo mbali kabisa na aliyeiongoza.

Alipendekezwa mara tano kwa Oscar ya uongozaji na hakupata hata moja. Rebecca, filamu yake ya kwanza Marekani, ilipata tuzo ya filamu bora ya 1940, lakini hiyo ilikwenda kwa mtayarishaji, David O. Selznick. Walipompa tuzo ya heshima mwaka 1968, alisema asante kwa maneno machache mno, akashuka jukwaani. Alifariki Aprili 29, 1980.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kuiacha Psycho kwanza, maana siri zake umeshazisikia hata kama hujui ulizisikia wapi. Anza na Shadow of a Doubt ya 1943, ambapo mjomba mpendwa anarudi kwa jamaa zake katika mji mdogo na mpwa wake peke yake anaanza kumtilia shaka. Kisha ruka hadi Frenzy ya 1972, aliyoipiga nyumbani London kwenye soko la matunda na mboga la Covent Garden. Muuaji anapanda ngazi na mwanamke asiyejua lolote, anamwambia sentensi ile ile tuliyomsikia akisema kabla ya mauaji ya awali, mlango unafungwa. Kamera haiingii. Inarudi kinyumenyume, inashuka ngazi bila sauti, inatoka hadi barabarani ambako wachukuzi wanapita na magunia ya viazi na hakuna anayegeuka kutazama dirisha la juu. Wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, na udhibiti wa filamu ulikuwa umelegea kiasi kwamba angeweza kuonyesha chochote alichotaka.